Ruzuku Hufuata Mwenye Mali: Kukodi au Kununua Gari la Umeme?



Miongoni mwa maswali tunayoletewa na ndugu zetu wanaoishi Marekani, lipo moja linalorudiarudia, nalo ni hili: mtu anayetaka gari la umeme, je, ni bora alikodi kwa mkataba wa miaka, au alinunue liwe mali yake? Na zile fedha ambazo serikali huzitoa ili kuwavuta watu kwenye magari hayo, je, humfikia nani hasa?

Huenda msomaji wetu aliyeko Tanga au Mombasa akaliona swali hili kuwa halimhusu. Lakini hapana mwezi upitao bila jamaa wa huku kutegemea kitu kutoka kwa jamaa wa huko: karo, dawa, mchango wa msiba. Dola mia mbili zinazopotea katika mkataba mbaya wa gari kule Minnesota ni dola mia mbili zisizofika nyumbani. Kwa hiyo tumeona yafaa tulitolee swali hili maoni yetu kwa urefu, tena kwa hesabu, kwa maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Maoni yetu kwa ufupi ni haya. Ruzuku ya gari hufuata jina la mwenye mali. Anayekodi si mwenye mali. Kwa hiyo ruzuku si yake kwa sheria, bali humfikia kwa hiari ya mwingine. Katika miaka mitatu hivi, 2023 hadi 2025, hiari hiyo iliwafaa wengi, na waliokodi kwa uangalifu hawakukosea. Lakini nafuu kubwa ya serikali ya shirikisho ilikoma tarehe 30 Septemba 2025, na hukumu iliyokuwa sahihi jana haiwi sahihi leo kwa sababu tu majirani bado wanaisimulia. Leo, kwa familia nyingi zinazotuuliza, njia iliyo salama ni kununua gari la umeme lililokwisha kutumika miaka miwili au mitatu, kwa fedha taslimu au kwa deni dogo kadiri iwezekanavyo.

Nafuu ilikotoka na ilipofika

Nafuu ya kodi kwa magari ya umeme haikuanza jana. Sheria yake ya kwanza ilipitishwa mwaka 2008, nayo ilimpa mnunuzi wa gari jipya hadi dola 7,500. Lakini haikuwa fedha ya kutiwa mkononi. Ilikuwa ni kupunguziwa kodi ya mapato, na haikuweza kuzidi kodi ambayo mtu alikuwa akidaiwa. Mwenye kudaiwa kodi ya dola 10,000 alipunguziwa 7,500 zote. Mwenye kudaiwa dola 2,000 alipata 2,000, na zile 5,500 zilizobaki zikapotea, wala hakuruhusiwa kuzisogeza mwaka wa pili. Kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa alisaidiwa kwa ukamilifu, na baba wa watoto wanne mwenye kipato cha chini alisaidiwa nusu nusu au hakusaidiwa kabisa. Aidha, kampuni ikishauza magari 200,000 ya aina hiyo, nafuu ilipungua hatua kwa hatua mpaka ikaisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa magari ya Tesla mwishoni mwa mwaka 2019, na kwa yale ya General Motors mwezi Machi 2020.

Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria mpya iliyobadilisha mambo mengi. Dola 7,500 zilibaki, lakini ziliwekewa mipaka. Gari lilipaswa kuunganishwa Amerika ya Kaskazini. Madini na vipuri vya betri vilipaswa kutoka katika nchi zilizokubaliwa. Bei ya gari dogo haikutakiwa kuzidi dola 55,000, na ya gari kubwa 80,000. Kipato cha mnunuzi asiye na mwenzi hakikutakiwa kuzidi dola 150,000, na cha mume na mke kwa pamoja 300,000. Kwa mara ya kwanza liliwekwa fungu la magari yaliyotumika: asilimia 30 ya bei, isiyozidi dola 4,000, kwa gari lisilozidi dola 25,000 lililonunuliwa kwa muuza magari. Kuanzia Januari 2024 mnunuzi aliruhusiwa kumhamishia muuzaji nafuu yake, ili bei ipunguzwe papo hapo, hata kama kodi anayodaiwa haifikii kiasi hicho. Hili lilikuwa jambo la haki, kwani liliondoa ile dhuluma ya kwanza kwa mwenye kipato kidogo.

Ndani ya sheria hiyo hiyo ulikuwamo mlango mwingine. Kifungu kilichokusudiwa magari ya biashara kilitoa pia hadi dola 7,500, bila sharti la mahali gari lilipounganishwa, bila sharti la betri, na bila kuuliza kipato cha mtu. Mwishoni mwa Desemba 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani ilieleza kwamba gari linalokodishwa kwa mtu binafsi laweza kuhesabiwa humo, kwa kuwa mwenye gari ni kampuni inayofanya biashara ya kukodisha. Magari kutoka Korea, Japani na Ujerumani, ambayo mnunuzi asingepata hata senti moja kwayo, yakawa na nafuu kamili yakikodiwa. Watu wakakimbilia kukodi, wala hatuwalaumu.

Lakini tazameni vizuri nafuu hiyo ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya kampuni. Haikuwapo amri ya kuilazimisha kampuni kumpa mwenye kukodi hata dola moja. Nyingi zilitoa zote, kwa sababu ya ushindani. Nyingine zilitoa sehemu na kubakiza sehemu. Mwenye kukodi ambaye hakusoma mkataba hakujua ni lipi kati ya mawili hayo lililompata. Alichokiona ni malipo ya mwezi tu.

Jinsi malipo ya mwezi yanavyohesabiwa

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili kila mmoja aweze kuweka tarakimu zake mwenyewe.

Gari lina bei ya dola 40,000. Mkataba ni wa miezi 36. Kampuni inakadiria kwamba mwisho wa mkataba gari litakuwa na thamani ya dola 22,000, yaani asilimia 55 ya bei. Anayekodi hulipa mambo mawili. La kwanza ni kushuka kwa thamani: 40,000 ukitoa 22,000 ni 18,000, na ukigawa kwa miezi 36 ni dola 500 kwa mwezi. La pili ni ada ya fedha ya kampuni iliyofungwa ndani ya gari. Ada hii haitajwi kwa asilimia, bali kwa tarakimu ndogo kama 0.0025, nayo huzidishwa kwa jumla ya bei ya mwanzo na thamani ya mwisho: 62,000 mara 0.0025 ni dola 155. Jumla ni dola 655 kwa mwezi kabla ya kodi ya mauzo na bima.

Sasa tuseme kampuni imetoa dola 7,500 zote. Bei inakuwa 32,500. Kushuka kwa thamani ni 10,500, yaani karibu dola 292 kwa mwezi. Ada ni 54,500 mara 0.0025, yaani dola 136. Jumla ni karibu dola 428. Tofauti ni dola 227 kila mwezi, na kwa miezi 36 ni dola 8,175. Ndiyo maana tunasema waliokodi katika miaka ile hawakukosea.

Zaidi ya hayo, waliepushwa na msiba mwingine. Mwezi Januari 2023 Tesla ilishusha bei za magari yake mapya, mengine kwa kiasi cha asilimia 20. Aliyekuwa amenunua mwezi uliotangulia aliamka akakuta thamani ya mali yake imeshuka bila yeye kutenda kosa lolote. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, kampuni ya Hertz ilitangaza kuuza magari ya umeme kiasi cha 20,000 kutoka katika hazina yake, na bei za magari yaliyotumika zikazidi kulegea. Nafuu yenyewe pia ilichangia, kwani gari jipya likipunguzwa dola 7,500, hapana atakayenunua la zamani bila kudai nalo lipunguzwe. Katika mfano wetu, gari lililokadiriwa kuwa na thamani ya 22,000 mwisho wa mkataba likiuzwa 17,000, hasara ya dola 5,000 ni ya kampuni. Aliyekodi hurudisha ufunguo na kwenda zake. Aliyenunua jipya hubeba hasara hiyo peke yake.

Haya tumeyasema kwa uadilifu, ili asije mtu akadhani tunachukia kukodi. Sasa tuseme upande wa pili.

Yasiyosemwa mezani

Tuliletewa habari ya ndugu mmoja anayeendesha abiria kwa kazi, kama wafanyavyo wengi wa jamaa zetu waliohamia huko. Alivutwa na malipo madogo ya mwezi, akatia saini. Hakuulizwa anaendesha maili ngapi, naye hakujua kwamba yapasa kuuliza. Mkataba ulimruhusu maili 12,000 kwa mwaka. Yeye, kwa kazi yake, hutembea maili 40,000. Kila maili iliyozidi ilitozwa senti 25. Fanyeni hesabu: maili 28,000 za ziada mara senti 25 ni dola 7,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni dola 21,000. Kwa fedha hizo angenunua gari zima. Tena mikataba mingi hukataza kabisa gari la kukodi kutumika kwa kubeba abiria wa malipo, na anayevunja sharti hilo yuko hatarini kwa kampuni na kwa bima pia. Malipo yale madogo yaliyomfurahisha yalikuwa ni kukopa harusi, na sasa analipa matanga.

Jambo la pili ni mwisho wa mkataba. Wengi hudhani kwamba wakishalipa miaka mitatu wamekwisha kununua sehemu ya gari. Hawakununua kitu. Mwenye kutaka kubaki na gari lile atalazimika kulipa thamani iliyoandikwa mwanzo, yaani zile 22,000 za mfano wetu, hata kama sokoni gari la namna hiyo ni 17,000. Huyo tunamshauri arudishe lile na kutafuta jingine sokoni. Wengine hawakupewa hata ruhusa ya kulinunua: Tesla ilipoanza kukodisha gari lake la Model 3 mwaka 2019, ilitamka wazi kwamba mwisho wa mkataba gari litarudi kwa kampuni.

Jambo la tatu ni kuvunja mkataba. Maisha ya mhamiaji hayana uhakika. Kazi huisha, mzazi huugua huku nyumbani, mtu hutakiwa kusafiri. Mwenye gari lake huliuza kwa bei yoyote akaondoka. Mwenye kukodi hudaiwa adhabu ya kuvunja mkataba, ambayo mara nyingi hukaribia malipo yote yaliyosalia.

Jina halibadilishi kitu

Hapa suala letu linagusa dini, nasi hatuwezi kulipita kimya.

Wapo ndugu waliotuambia kwamba wamechagua kukodi ili kuikimbia riba, kwani kukodi ni jambo la halali. Ni kweli kwamba kukodisha kitu ili mtu anufaike nacho ni halali bila shaka. Lakini msingi wa uhalali wake kwa wanazuoni ni kwamba mwenye mali hubaki kuwa mwenye mali kwa hakika, akibeba hasara ya mali yake pale ambapo mwenye kukodi hakuzembea. Ile tarakimu ya 0.0025 tuliyoitaja ukiizidisha kwa 2,400 hupata 6, yaani riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Waandishi wa mikataba hiyo wenyewe huitumia hesabu hiyo. Katika mfano wetu wa kwanza, dola 155 kwa mwezi ni dola 5,580 kwa miaka mitatu. Hatusemi kwamba kila mkataba wa namna hii ni haramu. Hukumu ya mkataba fulani aulizwe mwanachuoni aliyeusoma mkataba huo. Tunasema tu kwamba asijidanganye mtu kwa jina. Aliyehama kutoka kwenye mkopo wa riba kwenda kwenye ukodi wa hesabu ile ile amebadili mlango, na huenda nyumba ni ile ile.

Upande wa kununua nao una mtego wake mpya. Sheria iliyotiwa saini na Rais Donald Trump tarehe 4 Julai 2025, ile ile iliyoiondoa nafuu ya magari ya umeme, imeweka badala yake nafuu ya namna nyingine: kwa miaka ya kodi 2025 hadi 2028, anayenunua gari jipya lililounganishwa Marekani kwa mkopo anaweza kutoa katika kipato kinachotozwa kodi hadi dola 10,000 za riba aliyolipa kwa mwaka. Gari lililotumika halimo, na gari la kukodi halimo. Tafakarini jambo hili. Ruzuku ya jana ilimtunza aliyenunua gari lisilotoa moshi. Ya leo inamtunza aliyelipa riba, na kadiri riba yake ilivyo kubwa ndivyo nafuu yake inavyokua mpaka ifikie kikomo. Mwislamu aliyenunua kwa fedha taslimu hapati kitu, wala asisikitike. Anayelipa riba ya dola 3,000 ili apunguziwe kodi ya dola 600 au 700 bado amepoteza zaidi ya dola 2,000.

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, kwamba deni la muda liandikwe, na aya hiyo ndiyo ndefu kupita zote katika Kurani. Laiti tungeitii, nusu ya malalamiko tunayoletewa yasingekuwapo. Kuandika maana yake ni kusoma pia.

Yaliyobaki leo

Baada ya 30 Septemba 2025 nafuu zote tatu za serikali ya shirikisho zilikoma: ya gari jipya, ya gari lililotumika, na ya biashara iliyopitia kwenye kukodi. Muuza magari anayetaja leo dola 7,500 za serikali ama hajui ama anadanganya. Kampuni yaweza kutoa punguzo lake yenyewe, na hilo ni jambo jingine. Aulizwe waziwazi fedha hizo ni za nani na zimeandikwa wapi.

Zipo ruzuku za majimbo na za kampuni za umeme, lakini hizo si za kutegemewa kwa macho yaliyofumbwa. Huwekewa fungu la fedha, na fungu likiisha mlango hufungwa. Mpango mkubwa wa California, ulioanza mwaka 2010 na kuwapa wanunuzi na wakodi pia, ulifungwa mwaka 2023. Minnesota ilifungua ruzuku ya dola 2,500 kwa gari jipya na dola 600 kwa lililotumika mwezi Februari 2024, na fedha zikaisha mwaka huo huo. Aliyetia saini akitegemea ruzuku ambayo bado haijaidhinishwa amehesabu samaki aliye baharini. Kanuni yetu ni moja: hesabu uwezo wako kana kwamba ruzuku haipo. Ikija, ni heri, isipokuja, hukuanguka.

Kwa nini tunasema lililotumika

Kwanza, magari yaliyokodiwa kwa wingi mwaka 2023, 2024 na 2025 ni ya mikataba ambayo kwa kawaida ni ya miezi 36. Yatarudi kwa wenyewe kati ya mwaka 2026 na 2028, na wenyewe watayauza. Ile nafuu ambayo kampuni iliipokea, na ile hasara ya thamani ambayo kampuni iliibeba, sasa vinamwendea mnunuzi wa pili kwa njia ya bei ya chini. Yaani, ruzuku iliyompita mtu wa kipato kidogo wakati ule inaweza kumfikia sasa bila fomu na bila kuuliza kodi anayodaiwa.

Pili, hofu ya betri imekuzwa kupita kiasi. Watengenezaji wengi huweka dhamana ya betri ya miaka 8 au maili 100,000, likitangulia lolote, na dhamana hiyo hufuata gari hata likibadilisha mikono. Gari la miaka mitatu lililotembea maili 36,000 bado lina miaka mitano ya dhamana. Hata hivyo, mnunuzi adai kipimo cha afya ya betri kabla ya kulipa, kama vile anunuaye ng'ombe anavyotazama meno.

Tatu, hesabu. Mwenye kukodi mara mbili mfululizo, miezi 36 na tena 36, kwa malipo ya dola 655, atalipa dola 47,160 katika miaka sita, na mwisho hana gari. Mwenye kununua lililotumika kwa dola 22,000, hata kama mwisho wa miaka sita halitauzika kwa senti moja, amelipa 22,000. Atalipa matairi na matengenezo, tunakubali, na bima wote wawili wanalipa. Lakini dola 25,000 za tofauti hazimalizwi na matairi.

Atasema mtu: sina 22,000 mkononi. Basi asikimbilie la 22,000. Yako magari ya umeme ya bei ndogo zaidi, yenye masafa mafupi, yanayomtosha mtu wa kwenda kazini na kurudi. Na kama lile la petroli alilonalo bado linatembea, hakuna aya wala sheria inayomlazimisha kulibadilisha mwaka huu. Aweke kila mwezi kile ambacho angelipa kwa kukodi. Dola 428 kwa miezi 36 ni zaidi ya dola 15,000, na hizo ni zake. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na deni, iweje sisi tulitafute kwa taa?

Atasema mwingine: teknolojia inabadilika haraka, ni afadhali kukodi ili kila baada ya miaka mitatu nipate jipya. Hoja hii ina ukweli kwa mwenye nacho. Lakini kazi ya gari ni kukufikisha. Gari lililokufikisha kazini mwaka 2024 litakufikisha mwaka 2030, hata kama jirani ana kioo kikubwa zaidi ndani ya lake.

Nani basi akodi?

Akodi yule anayejua kwa hakika kwamba atakaa miaka miwili au mitatu tu, kama mwanafunzi au mtumishi wa mkataba, mradi muda wa ukodi usizidi muda wa kukaa kwake. Akodi mwenye safari fupi zilizo ndani ya maili za mkataba. Akodi aliyepewa punguzo kubwa lililoandikwa, na aliyemuuliza mwanachuoni wake. Asikodi dereva wa abiria. Asikodi aliye na kazi isiyo na uhakika. Wala asikodi wala asinunue gari la umeme, kwa namna yoyote, yule asiyejua atalichaji wapi. Kwani anayeishi ghorofani bila soketi ya kuchomeka usiku, akategemea vituo vya haraka vya barabarani peke yake, mara nyingi huona faida yote ya kuacha petroli ikiyeyuka.

Na kabla ya saini, yaulizwe maswali matano, na majibu yatakiwe kwa maandishi: Ruzuku ni ya nani, na imeandikwa katika mstari upi? Ada ya fedha ni tarakimu gani, na ni sawa na asilimia ngapi kwa mwaka? Maili zinazoruhusiwa ni ngapi, na kila inayozidi hutozwa kiasi gani? Nikivunja mkataba mwezi wa kumi, nitadaiwa nini? Je, gari likiharibika kabisa katika ajali, bima italipa deni lote au nitabaki nadaiwa? Muuzaji asiyetaka kujibu maswali haya amekwisha kuyajibu.

Ndugu wasomaji, hatukuandika haya ili kuwazuia watu kuendesha magari yasiyochafua hewa. Hewa ni amana, na anayeweza kupunguza moshi bila kujiumiza na afanye hivyo. Tumeyaandika kwa sababu tumeona watu wema, wachapakazi, wanaotuma fedha nyumbani kila mwisho wa mwezi, wakitia saini karatasi ambazo hawakuzisoma, kwa kuwa waliambiwa serikali inatoa fedha. Nafuu ya mtu hupimwa kwa kile kinachobaki mfukoni mwake baada ya mkataba kwisha, si kwa tangazo lililombandikia gari.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atukinge na madeni yasiyolipika, na atupe subira ya kusoma kabla ya kutia saini. Amin.